Fedha za ufadhili wa masomo: kipi kinunuliwe kwanza, kipi kisubiri

Mdogo wangu alipopata ufadhili wa masomo, mimi ndiye niliyeshika hesabu. Zaidi ya nusu ya fedha za mwaka ule niliziweka kwenye kompyuta mpakato, maana niliamini mwanafunzi wa siku hizi hawezi kusoma bila hiyo. Muhula wa pili ukamkuta akiazima kitabu cha hesabu kwa mwenzake kila jioni na kukirudisha alfajiri, maswali ameyanakili mbiombio hadi namba nyingine anazikosea. Kompyuta ilikuwa mezani, imefunikwa kitambaa.

Tangu hapo napanga manunuzi kwa swali moja tu: kitu hiki kikikosekana kesho asubuhi, ni somo gani litakwama? Nafasi ninazozitoa hapa chini zimetokana na swali hilo, si na bei wala na jinsi kitu kinavyopendeza.

Lakini kabla ya kufika dukani, jua fedha zinatokaje. Mifuko mingi ya ufadhili hutumia mojawapo ya njia tatu: mfadhili anamlipa muuzaji moja kwa moja, mwanafunzi anapewa kadi au akaunti yenye masharti, au unalipa kwa fedha zako kisha unarudishiwa. Kwa vitu vya gharama kubwa naipendelea ile ya kwanza. Huhitaji kukopa ili usubiri kurudishiwa, na muuzaji ndiye anayeandaa ankara. Njia ya kurudishiwa naiachia vitu vidogo, na kwa sharti kwamba nimeyasoma masharti kwanza. Wafadhili wengine hukubali tu vitu vilivyomo katika orodha ya shule, na wengine hawalipii kitu kilichonunuliwa kwa mtu binafsi asiyetoa risiti. Risiti zile zinazochapwa kwa joto hufifia baada ya miezi michache, kwa hiyo ipige picha siku hiyohiyo. Ukirudisha bidhaa dukani, fedha zirudi kwenye mfuko wa ufadhili, zisiingie mfukoni mwako. Kosa hilo dogo linaweza kumponza mtoto akakosa malipo ya mwaka unaofuata.

Nafasi ya kwanza: vitabu vya kiada

Hapa sina shaka hata kidogo. Kitabu cha kiada ndicho chenye mazoezi anayoyatoa mwalimu, na mtoto asiye nacho anasoma kwa hisani ya wenzake.

Hapa pia ndipo fedha hupotea kirahisi, kwa sababu ya matoleo. Toleo la zamani na jipya la kitabu kimoja huweza kuwa na jalada linalofanana na sura zilezile, kumbe maswali ya mwisho wa sura yamepangwa upya. Mwalimu anataja swali la 14, mtoto anafanya jingine kabisa na kupewa sifuri kwa kazi aliyoifanya kwa bidii. Kwa hiyo usinunue kwa jina la kitabu wala la mwandishi peke yake. Nunua kwa namba ya ISBN, yaani namba ya utambulisho ya kila toleo, ile iliyo juu ya mistari ya msimbo nyuma ya jalada. Tangu mwaka 2007 namba hiyo ina tarakimu 13, na vitabu vya kabla ya hapo vilikuwa na 10. Kumbuka pia kwamba kitabu kilekile chenye jalada gumu na chenye jalada laini huwa na namba tofauti, hivyo namba zisipolingana muulize kwanza mwalimu kabla ya kukiacha cha bei nafuu.

Vitabu vilivyokwisha tumika ni rafiki mkubwa wa bajeti, mfadhili akivikubali. Riwaya, tamthilia, sarufi na kamusi nunua vilivyotumika bila wasiwasi. Hesabu na sayansi nunua pia, mradi toleo ni lilelile. Usinunue vilivyotumika vya aina mbili: vitabu vya mazoezi vya kujaza majibu, na vile vinavyokuja na msimbo wa kuingilia mazoezi ya mtandaoni. Misimbo hiyo kwa kawaida hutumika mara moja tu, na mwenye kitabu wa kwanza ameshaitumia.

Kwa wanafunzi wa sekondari ya juu na chuo wanaosoma kwa Kiingereza, kuna mlango mwingine ambao wengi hawaujui. OpenStax, mradi wa Chuo Kikuu cha Rice cha Marekani, tangu mwaka 2012 hutoa bure kwenye mtandao vitabu kamili vya fizikia, biolojia, hesabu, uchumi na vinginevyo, kwa leseni inayoruhusu kupakua na kuchapa. Muulize mhadhiri kama kimojawapo kinafaa badala ya kile kilichotajwa. Akikubali, fedha za kitabu hicho zinahamia kwenye kingine ambacho hakina mbadala.

Ya pili: daftari na vya kuandikia

Haya ni manunuzi madogo, ila yakikosekana mtoto anakaa darasani mikono mitupu. Nunua daftari za muhula mzima kwa pamoja, kwa dazeni ikiwezekana. Angalia uzito wa karatasi: gramu 70 hadi 80 kwa mita ya mraba hukaa vizuri, nyepesi zaidi ya hapo wino huonekana upande wa pili na nusu ya daftari inapotea. Kwa anayeandika kwa mkono wa kushoto, kalamu ya kawaida yenye ncha ya gololi ni bora kuliko ya wino wa jeli, kwa kuwa haichafui mkono unapopita juu ya maandishi. Penseli za HB kwa kuandikia, 2B kwa kuchora. Katika mkebe wa hesabu kagua bikari tu: ikilegea miguu, mkebe wote hauna faida.

Ya tatu: kikokotoo

Kipate nafasi hii kwa mwanafunzi wa sayansi, hesabu au uhasibu. Wengine wanaweza kuruka. Kanuni ni moja: orodha ya vikokotoo vinavyoruhusiwa katika mtihani ndiyo inayoamua. Vile vinavyorahisisha aljebra kwa herufi, au vyenye uwezo wa kuhifadhi maandishi, hukataliwa katika mitihani mingi. Inauma kumwona mtoto akinyang'anywa mlangoni kitu alichokizoea mwaka mzima. Kikokotoo cha kisayansi cha kawaida chenye betri na mwanga wa jua hutosha mpaka mwisho wa sekondari.

Ya nne: begi

Tazama mishono ya kamba za mabega kabla ya rangi. Kamba ziwe pana, zimejazwa sifongo, na ziwe mbili. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani hushauri mzigo usizidi asilimia 10 hadi 20 ya uzito wa mtoto, maana yake mtoto wa kilo 30 asibebe zaidi ya kilo 3 hadi 6. Vitabu vichache na chupa ya maji vinafika hapo upesi, kwa hiyo begi kubwa mno ni mwaliko wa kubeba kupita kiasi.

Ya tano: kompyuta mpakato

Simdharau mwenye kuihitaji. Kwa anayesoma programu za kompyuta, usanifu au masomo ya masafa, ipande hadi nafasi ya kwanza sambamba na vitabu. Kwa wengine ingoje mpaka vile vinne vikamilike.

Ukifika hapo, usivutwe na kioo kikubwa. Tafuta kumbukumbu (RAM) ya GB 8 na diski ya aina ya SSD, isiyozunguka, ya GB 256. Diski za zamani zinazozunguka ndizo zinazofanya kompyuta ionekane imechoka hata kama ni mpya. Kwa iliyotumika, swali la kwanza ni mfumo wake. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za zamani haziwezi kupokea Windows 11 kwa sababu hazina kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Mwombe muuzaji akuonyeshe Windows 11 ikifanya kazi mbele yako. Chromebook, yaani kompyuta mpakato zinazotumia mfumo wa Google, nazo ni nafuu na zinatosha kwa kuandika na kusoma mtandaoni, ila kila moja ina tarehe ya mwisho ya kupokea masasisho. Tarehe hiyo huhesabiwa tangu aina hiyo ilipotoka, si tangu siku ulipoinunua. Iliyokaa rafu miaka minne imeshapoteza miaka minne.

Usilipie programu ya kuandikia kabla ya kuuliza shule, kwani nyingi huwapa wanafunzi bure. Isipotoa, LibreOffice ni bure kabisa na hufungua mafaili ya Word.

Za mwisho: tableti na printa

Tableti inafaa kusomea vitabu vya mtandaoni, lakini insha ya kurasa kumi ikiandikwa juu ya kioo ni mateso, na ukiongeza kibodi na kalamu yake bei inaikaribia kompyuta. Printa ya wino usiinunue kwa fedha za ufadhili. Wino hukauka isipotumika mara kwa mara, na shule nyingi zina mahali pa kuchapishia. Kama lazima, nunua ya leza, kwa kuwa poda yake haikauki.

Kabla ya kufunga hesabu, muulize mfadhili kama salio linaweza kuvuka muhula. Likiruhusiwa, mimi huacha sehemu ya tano ya fedha zote bila kuigusa. Daftari huisha katikati ya mwaka, kikokotoo hupotea, na mwalimu mpya huja na kitabu kipya.