Uzoefu wangu: kuvuta tela dogo la kambi kwa Noah, Chake hadi Vumawimbi

Mwaka wa pili huu navuta tela dogo kwa Noah ya familia hapa Pemba, na kila ninaposimama watu huniuliza lile lile: "Injini inaiweza?" Inaiweza. Injini haijanitia hofu hata siku moja. Kilichonitia hofu ni madumu ya maji niliyoyapanga vibaya, na ndiyo maana naandika.

Gari yangu ni Toyota Noah ya zamani, modeli ya SR40, petroli, lita 2, otomatiki ya gia 4, inayosukuma kwa magurudumu ya nyuma. Nyumbani tuko saba: mimi, mke wangu, watoto wanne na mama yangu. Tukitoka kwenda kulala pwani kuna mahema, magodoro, sufuria, jiko la gesi, bokisi la barafu na maji ya siku mbili. Mwanzo nilifunga mzigo juu ya paa. Gari ikawa inalala kwenye kila kona, na mama akasema wazi kwamba hapandi tena. Ndipo nikaagiza tela.

Lilitengenezwa na fundi wa kuchomelea huko Unguja. Bodi ina urefu wa mita 2 na upana wa mita 1.2, ekseli moja, springi za majani, kifuniko cha plaiwudi na turubai juu yake, na ubao wa nyuma ukishushwa unakuwa meza ya kupikia. Lilinigharimu milioni 1 na laki 8. Likapanda meli bandari ya Malindi huko huko Unguja, nikalipokea bandari ya Mkoani hapa Pemba. Tupu lina kilo 180.

Chuma cha kuvutia nilifungiwa hapa Chake. Fundi wa kwanza niliyemwendea alitaka kukichomelea kwenye bampa, nikaondoka. Bampa halikuwekwa kwa kuvuta kitu. Chuma kinatakiwa kishikwe kwa bolti kwenye mihimili ya chini ya gari, kulia na kushoto, na wa pili alifanya hivyo. Jambo jengine, angalia kipimo cha kile kichwa cha mviringo: changu ni milimita 50, na kikombe cha tela kinachokaa juu yake nacho kiwe cha 50. Kichwa kikiwa kidogo kuliko kikombe, siku ya shimo kubwa tela linaruka likatoka, na hapo linalolizuia ni mnyororo peke yake. Mimi nina minyororo miwili, na naipitisha kwa kupishana chini ya mkono wa tela, wa kulia uende kushoto na wa kushoto uende kulia, ili mkono ukichomoka udakwe na minyororo usichimbe lami.

Sasa safari ya kwanza. Tulitoka Chake asubuhi kwenda ufukwe wa Vumawimbi, kaskazini ya Pemba, njia ya Konde. Madumu 8 ya maji ya lita 20 niliyaweka nyuma kabisa, karibu na ubao wa meza, kwa sababu tukifika ndiyo ya mwanzo kutolewa. Niliona nimepanga vizuri. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo nyuma ya magurudumu ya tela kulikuwa na kilo 160 zimekaa mkiani.

Kwenye tambarare sikuhisi kitu. Tulipoanza kushuka mteremko mmoja mrefu, mwendo ukafika 70, nikahisi gari inasukumwa kiunoni. Kulia, kushoto, kulia, na kila mara kwa nguvu zaidi ya mara iliyopita. Nikatazama kioo cha pembeni, nikaliona tela lote linatoka upande mmoja likirudi upande wa pili. Nikakanyaga breki. Nilikosea sana: tela halina breki, kwa hiyo gari ilipunguza mwendo na tela likazidi kuisukuma kwa nyuma, mkia ukazidi kucheza. Daladala ilikuwa inapanda mbele yetu. Nilitoa mguu kwenye breki na kwenye mafuta, nikashika usukani umenyooka bila ya kujaribu kulifuata tela, mpaka mwendo ulipoanguka chini ya 40 likatulia lenyewe. Tuliposimama pembeni hakuna aliyesema neno ndani ya gari. Mama alikuwa bado anasoma dua.

Nilirudi nyumbani mdogo mdogo, kilomita 30 kwa saa. Jioni jirani yangu, mzee aliyebeba mawe na mchanga kwa gari ya ng'ombe kwa miaka mingi, alikuja kutazama. Hakuuliza habari ya injini. Aliushika mkono wa tela, ukanyanyuka kwa mkono mmoja bila ya taabu. Akaniambia, "Mwanangu, mzigo huu umeupa mkia. Gari ya magurudumu mawili lazima imlalie ng'ombe shingoni kidogo. Ukiizidisha unamchosha. Ukiinyima inamnyanyua, na hapo hana miguu."

Hakuna maelezo mazuri zaidi ya hayo niliyowahi kuyasikia. Wanaoandika kuhusu tela za nje wanataja namba: uzito unaokaa kwenye ndoano, yaani kile chuma cha kuvutia, uwe baina ya asilimia 10 na 15 ya uzito wa tela lote lililopakiwa. Ukiwa pungufu ya hapo, tela linaanza kutikisa mkia, na mwendo ukiongezeka hali inakuwa mbaya zaidi. Ukizidi, nyuma ya gari inakaa chini, magurudumu ya mbele yanakuwa mepesi na usukani unapoteza mshiko. Ni shingo ile ile ya ng'ombe.

Nikaazima mizani ya karafuu, ile ya kusimama chini. Unaliweka tela mahali pa sawa, unaziba magurudumu kwa mawe, kisha unaulaza mkono wake juu ya mizani kwa gogo, kwa urefu ule ule unaokuwa nao ukifungwa kwenye gari. Tela lililopakiwa lilikuwa na kilo 380. Mkononi nilisoma kilo 9 tu! Nikahamisha madumu yote mbele ya ekseli, magodoro nikayarudisha nyuma. Kilo 61, nyingi mno kwa Noah yenye watu saba. Nikarudisha madumu 2 katikati, juu ya ekseli: kilo 44. Mzigo ule ule, tela lile lile. Nimetia alama za rangi sakafuni, dumu la kwanza hapa, jiko hapa, na sasa watoto wanapakia wenyewe bila ya kuniuliza. Maji tukiyamaliza, madumu matupu yanakaa popote lakini hema na magodoro yanasogea mbele kabla ya kurudi.

Tangu siku hiyo tumekwenda Vumawimbi mara nne na Mkoani mara mbili, na mkia haujacheza tena. Hata hivyo sipiti 60. Pemba ni vilima mwanzo hadi mwisho, na Noah ina kitufe cha O/D (overdrive, yaani gia ya juu kabisa) kwenye mkono wa gia ambacho wengi hawakigusi. Nikivuta tela nakizima. Otomatiki ikiachwa na O/D mlimani inapanda na kushuka gia kila dakika, na mafuta ya giaboksi yanachemka. Kwenye kuteremka naweka 2 kabla mteremko haujaanza, injini inashikilia, breki nazigusa kidogo na kuziachia. Ukikanyaga breki mfululizo na tani mbili za gari, watu na tela nyuma ya mguu wako, utasikia harufu kabla hujafika bondeni. Na gari ya mbele naiachia nafasi mara mbili ya ile niliyozoea.

Msimu wa karafuu kuna shida ya peke yake. Majamvi yanaanikwa mpaka ukingoni mwa lami, na gurudumu la tela halipiti pale lilipopita la gari, kwenye kona linakata kwa ndani. Mara ya kwanza nilikanyaga pembe ya jamvi la watu, nikashuka kuomba radhi. Siku hizi kwenye kona ya kushoto naipeleka Noah kwanza karibu na mstari wa kati, ndipo nakata. Ndani ya msitu wa Ngezi ni vivyo hivyo, kwa sababu njia ni nyembamba na miti iko karibu. Ukifika Vumawimbi usishuke na tela mchangani hata ukiona nyayo za gari nyengine. Simama kwenye ardhi ngumu, mizigo muibebe.

Kurudi nyuma nilijifunza jioni tatu kwenye eneo la wazi karibu na Gombani. Shika usukani chini kabisa. Ukitaka tela liende kulia, mkono uende kulia. Sogea kidogo kidogo, na likianza kujikunja usipigane nalo, songa mbele lijinyooshe uanze upya. Mke wangu husimama nyuma upande ninaomwona kwenye kioo. Nisipomwona, sisogei.

Watoto wa vijijini hudandia. Tela ni jepesi, halina mtu, na kwao ni mchezo. Kila ninapopita karibu na skuli nakwenda mwendo wa mtu, natazama vioo. Na watu wazima walioniomba niwapakie watoto wao ndani ya tela, "hapo karibu tu," nimewakatalia wote, wengine wakanuna. Ningekataa tena. Aliyekaa humo hana mkanda wala kiti, na dereva hamuoni.

Tela lenyewe lina mazuri yake. Springi ni laini, mayai 60 yalifika Vumawimbi mazima. Meza ya nyuma mke wangu anaipenda kuliko ya nyumbani. Kifuniko hakivuji mvua.

Lakini fundi aliniletea makosa mawili ya hatari. Waya wa hasi wa taa hakuuvuta mpaka kwenye gari, aliutegemeza kwenye chuma cha ndoano. Ukitia gurisi au kutu ikiingia, taa za breki na indiketa zinapepesa, nyuma hawajui unasimama. Nilivuta waya mpya hadi kwenye plagi kwa shilingi elfu 15. Na pini ya kufungia kikombe ilikuwa msumari uliokunjwa. Nunua pini yenye kufuli. Kila baada ya kilomita chache za mwanzo mimi nashuka kuitazama, na nazigusa haba za magurudumu, yaani vitovu vyake, kwa mkono: haba ikiunguza, beringi inaomba gurisi.

Kosa la tatu si la hatari ila linaumiza. Haba za tela hazilingani nati na Noah, kwa hiyo nabeba spea mbili za aina mbili. Ukiagiza lako, mwambie fundi kabla hajakata chuma atumie haba za gari yako. Mimi nimeshazipata za Noah kwa mtu wa vipuri Unguja, zinakuja na meli wiki ijayo, na tela halitoki uani mpaka zifungwe.