Adapta ya HDMI kwenda VGA: miezi minane na monita zangu za zamani hapa Lamu

Nina saiba ndogo Lamu mjini, kwenye uchochoro unaotoka Usita wa Mui kuteremkia pwani. Watu huja kujaza fomu za kodi za KRA, kuchapa barua, kutoa kopi. Kompyuta zangu mbili zilikufa zikifuatana, nikanunua mbili mpya, zile ndogo zinazokaa kiganjani kama kitabu. Nyuma zina tundu la HDMI na la DisplayPort, yaani matundu ya kisasa ya kupeleka picha kwenye skrini, basi. Monita nilizonazo ni za inchi 17 za VGA, lile tundu la picha la zamani, isipokuwa moja ya inchi 19 yenye VGA na DVI, tundu jingine la picha. Zote nzima na herufi zinasomeka vizuri. Kuleta monita mpya huku kisiwani ni basi hadi Mokowe, kisha boti, kisha punda, na unaomba Mungu kioo kisivunjike njiani. Sikuona kwa nini nitupe kitu kizima.

Nilianza kwa kukosea. Nilinunua waya wa shilingi 350, upande mmoja kichwa cha HDMI, upande wa pili kichwa cha VGA, katikati waya mtupu. Nikachomeka, nikawasha. Monita ikaandika kwamba haipati kitu, taa yake ikageuka rangi ya chungwa, ikalala. Nikabadilisha kompyuta, nikabadilisha monita, hali ni ile ile. Nikamwita fundi. Akauangalia ule waya, akaniambia, "Dada, huu hata ukiuchomeka mwaka mzima hautaonyesha kitu." Akakipasua kichwa cha VGA kwa kisu mbele yangu. Ndani mlikuwa na nyaya nyembamba zilizochomelewa moja kwa moja kwenye pini. Hakuna kingine.

Hapo ndipo nilipoelewa, na naomba nawe uelewe kabla hujatoa pesa. VGA ilitoka na kompyuta za IBM mwaka 1987, enzi za skrini za kioo zenye mgongo mzito. Inapeleka picha kwa umeme unaopanda na kushuka katika nyaya tatu: nyekundu, kijani na buluu. HDMI ilikuja mwaka 2002, na yenyewe inapeleka picha kwa tarakimu. Waya hauwezi kugeuza tarakimu kuwa umeme wa kupanda na kushuka. Lazima katikati pawe na chipu ya kufanya kazi hiyo. Basi adapta ya kweli huwa na kijisanduku, hata kama ni kidogo kama kidole gumba, na ikishatumika kwa muda kidogo unaisikia ina joto ukiishika.

Kosa la pili liliniuma zaidi kwa sababu nilidhani nimeshajua. Niliagiza Mombasa adapta yenye kijisanduku, ikafika, nikaiunga na waya wa HDMI. Ikaingia kila upande bila shida. Giza tupu. Kuja kusoma vizuri maandishi madogo, ilikuwa ya VGA kwenda HDMI, yaani ya kuunga kompyuta ya zamani na televisheni mpya. Adapta hizi zina mwelekeo mmoja tu. Unapoagiza, taja kwanza kifaa picha inakotoka, halafu inakokwenda, na mwambie muuzaji akurudie kwa maneno yake.

Ya tatu ndiyo ninayoitumia hadi leo, miezi minane sasa. Ina mkia mfupi wenye kichwa cha HDMI, kijisanduku chenye tundu la VGA, tundu dogo la sauti na tundu la kuingizia umeme wa USB. Nililipa shilingi 900 kila moja, nikachukua mbili. Kwenye kompyuta ya kwanza ilifanya kazi papo hapo. Kwenye ya pili picha ilikuwa inazima na kuwaka kila baada ya dakika chache. Tundu la HDMI linalazimika kutoa volti 5, lakini kiwango linachotakiwa kuhakikisha ni miliampea 55 tu, na chipu nyingine hazitosheki. Nikachomeka waya wa USB wa kuchajia simu, picha ikatulia, na haijasumbua tena. Ukikuta adapta isiyo na tundu hilo la umeme, iache.

Sauti nayo: VGA haibebi sauti kabisa, kwa hiyo spika zangu nimezichomeka kwenye adapta yenyewe. Na usiache kompyuta ijichagulie ukubwa wa picha. Monita za mraba za inchi 17 zinataka 1280 kwa 1024. Yangu ilikuwa imejiweka 1920 kwa 1080, na mihuri ya duara ikawa mirefu kama mayai. Baada ya kurekebisha, bonyeza kitufe cha Auto kwenye monita, herufi zitakaa sawa. Zikibaki na ukungu, kagua waya wa VGA. Wangu mmoja skrubu zake za pembeni zilikuwa zimeganda kwa kutu ya hewa ya bahari, nikautoa kwa koleo.

Ile monita ya inchi 19 niliiunga kupitia DVI, kwa waya mtupu wa HDMI kwenda DVI, na hapo hapahitajiki chipu kwa sababu pande zote mbili ni dijitali, yaani za tarakimu, za aina moja. Picha yake ndiyo safi kuliko zote dukani. Ukiwa na DVI, anza nayo.

Kuhusu USB-C, lile tundu dogo la mviringo bapa la simu na laptopu za siku hizi, niseme hili moja. Ustadhi wa madrasa ya mtaani alikuja na laptopu isiyo na tundu jingine, anataka kuonyesha somo kwa projekta ya zamani. Adapta ya USB-C kwenda VGA ikakubali kwake mara moja. Mpwa wangu akaijaribu kwenye simu yake, haikuonyesha kitu. Umbo la tundu ni lile lile, ila mengine ni ya kuchaji na kuhamisha faili tu. Tafuta alama ya radi ya Thunderbolt au ya DisplayPort kando ya tundu, au soma karatasi ya kifaa chako.

Filamu za kulipia zilizofungwa kwa ulinzi zinaweza kukataa kupita kwenye adapta hizi. Kwangu si neno, saiba yangu ni ya kazi. Naipa nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya ule mkia mfupi: waya wa VGA ni mzito, unaivuta adapta chini hadi kichwa cha HDMI kinalegea, na imenibidi nizifunge zote mbili kwa kamba kwenye mguu wa meza.