Galaxy S24 Ultra au iPhone 15 Pro Max? Kwanza angalia imetoka nchi gani

Ukipita madukani Arusha, kuanzia Mnara wa Saa kushuka hadi Soko Kuu, utaulizwa unataka Samsung au iPhone. Sisi tunashauri uanze kwa kuuliza simu ilitengenezewa soko la nchi gani. Mbili zinazofanana rangi na bei zinaweza kutofautiana kwenye jambo unalolihitaji kila siku, yaani mahali pa kuweka laini.

Ya kwanza: Galaxy S24 Ultra, toleo la SM-S928B. Hili ni toleo la kimataifa. Linapokea kadi mbili za laini, na eSIM pia, yaani laini isiyo na kadi inayowekwa ndani ya simu kwa mtandao. Kwa mtu mwenye M-Pesa kwenye laini moja na Airtel Money kwenye nyingine, hoja hii peke yake inatosha. Kioo chake ni bapa na kimepakwa tabaka linalopunguza mwako, hivyo dereva wa watalii anasoma ramani jua la saa saba bila kukinga simu kwa kiganja. Betri ni 5,000 mAh. Samsung waliahidi masasisho ya miaka 7 tangu ilipotoka Januari 2024, kwa hiyo hata ukiinunua leo imetumika, bado ina maisha marefu mbele. Kasoro yake ni ukubwa: gramu 232 na upana wa milimita 79. Mwenye mkono mdogo aishike dukani dakika kadhaa kabla ya kuamua.

Ya pili: iPhone 15 Pro Max yenye sehemu ya laini. Ilitoka Septemba 2023, ina gramu 221, na inachajiwa kwa waya uleule wa USB-C. Kama kazi yako ni video za harusi au matangazo ya biashara mtandaoni, ipandishe iwe ya kwanza. Video zake zinatoka safi bila kuhangaika na mipangilio, na ukitaka kuiuza baadaye bei yake haishuki haraka.

Ya tatu: iPhone hiyohiyo, toleo la Marekani. Tangu iPhone 14, simu zinazouzwa Marekani hazina kabisa tundu la laini. Ni eSIM tupu. Betri ikikuishia njiani kwenda Karatu, huwezi kuchomoa laini ukaiweka kwenye kitochi ili utume hela. Ichukue tu kama bei imepungua kweli na mtandao wako umekuhakikishia, kabla hujalipa, kwamba utawekewa eSIM.

Ya mwisho: S24 Ultra SM-S928U. Ni ya Marekani pia, ina nafasi ya kadi moja tu, na nyingi huwa zimefungwa na mtandao wa huko. Ukiweka laini yako ikadai namba ya kufungulia, irudishe palepale.

Ukaguzi ufanyike kaunta, si nyumbani. Piga *#06#, linganisha IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, na ya kwenye boksi, kisha itume kwa ujumbe kwenda 15090 uone kama TCRA wanaitambua na kama jina la simu linalorudi ndilo hilo. Kwenye iPhone fungua Settings, General, halafu About. Namba ya modeli ikianza na M iliuzwa mpya, F ilikarabatiwa na Apple, N ilitolewa kubadilisha iliyoharibika. Mwishoni LL/A maana yake Marekani. Ukikuta “Unknown Part” kwenye kioo au betri, fundi alishapita humo. Kwenye Samsung piga *#0*#, washa rangi moja moja na utafute kivuli cha kibodi kilichoganda kwenye kioo.

Kisha mwambie muuzaji aifute simu yote, aiunganishe na intaneti na kuianzisha upya mbele yako. Hapo ndipo akaunti ya iCloud au Google ya mwenyewe wa zamani hujitokeza, na hata kufuli la simu ya mkopo ambao haujamalizwa. Muuzaji akisema “hilo tutafanya kesho”, usitoe pesa.

Zote mbili hazina nafasi ya memori kadi, na chini ya GB 256 hazitengenezwi. Chaja pia haimo kwenye boksi. S24 Ultra inataka ya wati 45 yenye PPS (mfumo wa kurekebisha umeme kadiri simu inavyohitaji) na waya wa ampea 5. Ukitumia chaja ya kawaida itajaa polepole hata kama ni nzima. iPhone inatosheka na wati 20 kwenda juu.

Kwa wanaopandisha wageni Kilimanjaro kutoka Moshi, hakuna mshindi. Apple wenyewe wanataja nyuzi 0 kuwa mwisho wa chini wa kuitumia, na usiku wa kupanda kileleni kutoka kambi ya Barafu hushuka zaidi ya hapo. Simu huzima ikiwa bado inaonyesha asilimia 30. Iweke mfuko wa ndani karibu na mwili, na usiichaji ikiwa ya baridi.

Kioo cha S24 Ultra kikipasuka, kataa cha bei poa: kinawaka vizuri, lakini alama ya kidole haitasoma tena, kwa sababu kisomaji kiko chini ya kioo na hutumia mawimbi ya sauti. Protekta nene huleta tatizo hilohilo. Chukua nyembamba inayogandishwa kwa gundi ya UV, kisha sajili kidole upya.