qBittorrent: mtandao unadumu, faili ndizo zinazokufa

Ninaitumia qBittorrent, programu ya kompyuta ya kupakua na kugawana faili, kupakua mifumo endeshi ya Linux na rekodi za zamani za Internet Archive, maktaba ya mtandaoni, na sijaona sababu ya kuihama. Ni ya bure, haina matangazo, na msimbo wake uko wazi. Intaneti ikikatika katikati ya faili kubwa, inaendelea palepale ilipoishia.

Ila sifa kubwa ni ya itifaki yenyewe, BitTorrent, yaani kanuni zinazowezesha kompyuta za watumiaji kupeana faili vipande vipande, aliyoibuni Bram Cohen mwaka 2001. Mwaka huohuo Napster, huduma ya kugawana nyimbo, ilizimwa. Orodha ya faili zote ilikuwa kwenye seva za kampuni, kwa hiyo mahakama ilihitaji kuibana kampuni moja tu. LimeWire, programu nyingine ya kugawana faili, haikuwa na orodha kama hiyo, lakini nayo ilikuwa na mwenyewe, na amri ya mahakama ya Marekani ya 2010 ikaimaliza. BitTorrent inazungumzwa na programu nyingi zisizotegemeana. Moja ikifa, watu wanahamia nyingine na faili zinaendelea kugawanywa. Tena tangu 2005 kompyuta zinaweza kutafutana zenyewe bila seva ya kuziunganisha.

Ninachokithamini zaidi ni jinsi inavyomshughulikia bahili. Utafiti wa mwaka 2000 kuhusu Gnutella, mtandao uliotumiwa na LimeWire, ulikuta karibu asilimia 70 ya watumiaji hawakugawa faili hata moja. Kwenye BitTorrent, wakati bado unapakua, kompyuta nyingine zinawapa kipaumbele wanaozirudishia vipande. Ukibana, unasubiri.

Tatizo ni kwamba msukumo huo unakwisha faili ikikamilika. Watu wanafunga programu na kuondoka, na rekodi adimu inakwama asilimia 97 kwa sababu hakuna aliyebaki na kile kipande cha mwisho. Inaniuma sana. Hapo Soulseek, mtandao wa kugawana muziki, inaishinda: mtu anafungua maktaba yake nzima ya muziki, hivyo wimbo usioombwa na yeyote kwa miaka bado upo. Nayo inategemea seva ya katikati, lakini bado i hai, na naamini ni upendo wa wakusanyaji unaoishikilia.

Sehemu ya kutafuta ndani ya qBittorrent inadai usakinishe kwanza Python, lugha ya kuandikia programu, usumbufu usio wa lazima kwa mgeni. Nyota nne. Ukiisakinisha, ingia kwenye mipangilio, punguza kasi ya kupakia hadi isikusumbue, kisha uiache iendelee kugawa baada ya faili kukamilika, hasa zile zenye watu wawili watatu tu.