Vyumba sita vya korido au nyumba nne za kujitegemea?
Ukitafuta nyumba ya kununua Dar es Salaam ili upangishe watu, ile ya Kiswahili, vyumba sita, korido katikati na choo uani, bei yake hubebeka zaidi. Mpangaji mmoja akihama, watano bado wanalipa. Balaa ni Luku moja, yaani mita moja ya umeme kwa wote: huyu ana friji, yule ana pasi, na hakimu ni wewe mwenye nyumba, hata usiku wa manane.

Nyumba nne za kujitegemea, kila moja na mita yake, hazina kesi hizo. Ila moja ikikaa tupu, robo ya kodi imekwenda. Mimi ningechukua hizi, hata kwa kuanza na mbili.

Kotekote, uliza karatasi za umiliki wa kiwanja: leseni ya makazi ni ya miaka michache, hati miliki hufika miaka 33, 66 au 99.