Kiti cha mbao kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo: tathmini ya kazi ya fundi wa Ngamiani, Tanga

Kiti ninachokitathmini hapa kimetengenezwa kwa mbao za msaji na plaiwudi katika karakana ya fundi seremala wa Ngamiani, jijini Tanga, kwa ajili ya binti yetu wa miaka minne, ambaye ana mtindio wa ubongo wa aina ya kukakamaa misuli pamoja na kifafa. Tulilipa shilingi 165,000, meza yake ya mbele ikiwemo, na tangu masika yaliyopita mtoto amekuwa akikikalia kila siku kwa chakula, kwa michezo na kwa mazoezi ya mikono. Maoni yangu ni kwamba kiti hiki kinastahili bei yake na zaidi, lakini kwa sharti moja ambalo sitalilegeza: vipimo vyake vichukuliwe na fundi akiwa pamoja na mtaalamu wa fiziotherapia, na mtoto mwenyewe awepo. Kiti kizuri kwa macho kilichotengenezwa kwa kukisia kinaweza kumdhuru mtoto wa namna hii zaidi kuliko kumlaza mkekani.

Kwa asiyelea mtoto mwenye hali hii, naona ni lazima nieleze kwanza kwa nini kiti cha kawaida hakifai. Binti yetu alichelewa kulia alipozaliwa, ubongo wake ukakosa hewa ya kutosha, na sehemu zinazoongoza misuli zikaumia. Jeraha lenyewe haliongezeki kadiri anavyokua, lakini misuli inayokaza mchana kutwa huvuta viungo pole pole, hivi kwamba nyonga zinaweza kuchomoka na uti wa mgongo ukapinda iwapo mwili hautawekwa vizuri tangu utotoni. Shingo yake haijakaza sawasawa. Akifurahi, akishtuka au akitaka kulia, mwili wote unanyooka kwa nguvu, kichwa kinakwenda nyuma, miguu inapishana kama mkasi, na ukimkalisha kwenye kiti cha plastiki anateleza hadi sakafuni. Wengi wetu humfunga mtoto kwa kanga kwenye kiti hicho cha plastiki, jambo ninaloliona likifanywa kwa mapenzi makubwa katika nyumba nyingi za Makorora na Mikanjuni, na bado nawasihi wazazi wenzangu waliache, kwa sababu makalio yakishateleza kuelekea mbele kanga hupanda kifuani na baadaye shingoni.

Njia nyingine iliyobaki ni mapaja ya mama. Mtoto mdogo hupakatwa bila taabu, lakini mtoto wa miaka minne anayejinyoosha kwa nguvu humchosha mama mgongo na mabega, na mama huyo huyo anatakiwa kushika kijiko, kufuta udenda na kumwangalia mtoto usoni, mambo ambayo hayawezekani kwa wakati mmoja ukiwa umempakata.

Viti maalumu vya kutoka nje vipo, na vingi ni vizuri, ila bei yake haifikiki kwa familia kama yetu, na kikivunjika kipuri chake hakipatikani. Huduma za utengamao zenye wataalamu wengi ziko Dar es Salaam, kama vile hospitali ya CCBRT inayohudumia watu wenye ulemavu, mwendo wa kilomita zipatazo 350 kutoka hapa, safari ambayo mtoto mwenye kifafa haifanyi bila maandalizi. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani na UNICEF ya mwaka 2022 ilieleza kwamba zaidi ya watu bilioni 2.5 duniani wanahitaji angalau kifaa saidizi kimoja, na kwamba katika baadhi ya nchi za kipato cha chini wanaokipata hawazidi asilimia 3 ya wanaokihitaji. Ndiyo maana nalipa uzito mkubwa suala la fundi anayefikika kwa bajaji: mtoto anakua, kiti lazima kirekebishwe, na anayeweza kukirekebisha anapaswa kuwa karibu.

Fundi tuliyempata hana bango barabarani, na kazi yake ya kila siku ni vitanda, makabati na milango. Hajasomea vifaa vya watu wenye ulemavu kama wanavyosomea wahitimu wa chuo cha TATCOT kule Moshi, na alilisema hilo mwenyewe mwanzoni, akaomba tuje na mtaalamu. Mtaalamu wetu wa fiziotherapia alikubali kufika karakanani. Walimkalisha mtoto juu ya ubao ulionyooka, mimi nikimshika mabega, wakapima upana wa nyonga, urefu kutoka nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti, kutoka gotini hadi kisiginoni, na kutoka kwenye ubao hadi kwapani na hadi juu ya bega. Kisha fundi akaniambia, "Mama, mwache kidogo, nione anavyojikaza." Nikamlegeza. Mtoto aliposikia msumeno wa jirani alinyooka mwili mzima, na fundi akapitisha kiganja chake chini ya mapaja, karibu na magoti, akayainua kidogo, nyonga zikakunjika na ule mnyooko ukakatika palepale. Akarudia mara nyingine ili ahakikishe. Mtaalamu alikuwa akijiandaa kumweleza habari ya kukunja nyonga, lakini mkono wa fundi ulikuwa umeshaelewa, na kutoka hapo mazungumzo yao yakawa ya watu wawili wa kazi moja.

Matokeo ya kile kiganja yanaonekana kwenye kikalio, ambacho kwangu ndicho sehemu bora kuliko zote. Hakikuwekwa bapa. Chini ya sponji kuna kabari ya mbao inayoinua upande wa mbele, hivyo makalio yanakaa chini kidogo kuliko magoti, nyonga zinabaki zimekunjwa, na mtoto hapati mahali pa kusukumia ili anyooke. Mkanda unapita juu ya mapaja kwa mshazari wa nyuzi 45 hivi, ukivuta makalio kuelekea nyuma na chini, wala haupiti tumboni. Katikati ya magoti kuna kigingi kilichozungushiwa sponji, ambacho kazi yake ni kuyatenganisha mapaja ili miguu isipishane na nyonga zikae mahali pake. Wazazi wengi hudhani kigingi hicho ndicho kinachomzuia mtoto kuteleza, wakakiweka karibu kabisa na sehemu za siri, jambo linalomuumiza. Kinachozuia kuteleza ni kabari na mkanda. Mbao mbili za ubavuni zinamshika kiwiliwili bila kumbana kwapa, na ubao wa miguu unapokea nyayo zote mbili zikiwa bapa, magoti yakiwa kwenye pembe mraba. Urefu wa kikalio unaishia vidole viwili kabla ya nyuma ya goti ili ukingo usikate damu.

Faida iliyokuja haraka ni ya mezani. Kabla ya kiti hiki, kila mlo ulikuwa na kupaliwa, na kupaliwa kwa mtoto asiyeweza kukohoa kwa nguvu hakuishi pale mezani, kwani chakula kinachoingia njia ya hewa huleta nimonia ya kujirudia. Sasa anakula akiwa wima, kichwa kimeegemea egemeo na kidevu kimeinama kidogo. Mimi naketi kwenye kigoda mbele yake, uso wangu ukiwa usawa wa uso wake, kijiko kinatoka mbele na chini badala ya kumshukia kutoka juu, kwa sababu mtoto anayeinua macho kukitafuta kijiko huinua na kidevu, na koo lake hubaki wazi. Kijiko ni kidogo, cha plastiki ngumu. Nakiweka juu ya ulimi, nakandamiza kidogo, nangoja midomo ifunge, kisha nakitoa. Uji mzito wa mtama, ndizi zilizopondwa na samaki aliyechambuliwa akachanganywa na tui hupita vizuri. Maji na chai humpalia zaidi, kwa hiyo hupewa kidogo kidogo kwa kijiko, tena kwa namna aliyotuelekeza mtaalamu. Baada ya kula habanduki kitini kwa nusu saa, ili chakula kisirudi juu. Mlo bado ni mrefu, lakini haumwogopeshi tena, na nguo zake zimeanza kumbana mikononi.

Bibi yake, ambaye mwanzoni hakupendezwa na wazo la mjukuu kufungwa mkanda, ndiye sasa anayemlisha mchana. Nilimwambia, "Mama, jaribu wewe mwenyewe," na alipoona anaweza kumlisha bila kumshika kichwa kwa mkono wa kushoto, alikubali. Hilo kwangu si dogo, kwa sababu kabla ya hapo sikuweza kumwachia mtu yeyote mlo hata mmoja.

Meza ya mbele iko kwenye usawa wa viwiko, ina ukingo wa kuzuia vitu visianguke, na imekatwa nusu duara upande wa kifua. Akiweka viwiko juu yake, mabega yanatulia na mikono inafunguka. Tunampangia vitu viwili, kikombe na mpira, naye huangalia anachokitaka kisha hukiendea kwa mkono wa kulia, polepole, na mara nyingi hukifikia. Ninaamini kabisa kwamba uwezo huo alikuwa nao siku zote, akakosa mahali pa kukaa ili autumie.

Kuhusu kifafa, nina jambo ambalo naomba kila mzazi alisisitize kwa fundi wake. Mkanda wa kwanza aliotuletea ulifungwa kwa fundo, na mtaalamu aliukataa. Degedege likianza, mtoto asilazimishwe kubaki amefungwa wima huku mate yakijaa mdomoni. Inabidi afunguliwe, atolewe na kulazwa ubavu, bila kutiwa kitu chochote kinywani, na meza nayo iondoke bila kung'ang'aniwa. Fundi akabadilisha akaweka klipu ya plastiki kama ya mabegi ya shule, inayofunguka kwa mkono mmoja, na meza akaipitisha kwenye mfereji wa mbao badala ya kuipiga skrubu. Wanafamilia wote, pamoja na kaka yake wa darasa la pili, wamejifunza kuvifungua.

Kasoro zipo. Rexini aliyoiweka juu ya sponji inafutika kwa urahisi, lakini kwa joto la Tanga, hasa kaskazi inapovuma, mgongo wa mtoto hulowa jasho, na ngozi yenye unyevu inayosuguliwa ndiyo huanza kuchubuka. Nimeshona foronya mbili za kitambaa cha pamba kutokana na kanga kuukuu, moja hutumika nyingine ikiwa kwenye kamba, na ningependa zije na kiti tangu karakanani. Vanishi ilinuka kwa muda mrefu, hivyo tulikiacha barazani hadi harufu iishe kabla ya kumkalisha mtoto mwenye kifua chepesi. Ubao wa miguu ulikuja umegongelewa misumari mahali pamoja, ilhali miguu ndiyo inayorefuka upesi. Tulimrudishia, akautoboa matundu na kuweka parafujo zenye kokwa ili ushuke kadiri mtoto anavyokua, na hakudai nyongeza. Kasoro ambayo haina dawa ni uzito. Msaji ni mbao nzito, na kiti chote hakipandi daladala. Kwa ziara ya kliniki au ya ndugu Pongwe bado tunambeba.

Nieleze pia kile ambacho kiti hakifanyi, kwa kuwa nimesikia watu wakikiuza kwa maneno makubwa. Hakiponyi mtindio wa ubongo, hakichukui nafasi ya mazoezi ya viungo, na dawa za kifafa zinaendelea kunywewa kwa saa zake, wala hazikatishwi ghafla kwa sababu mtoto anaonekana ametulia. Mtoto hapaswi kukaa humo mchana kutwa. Sisi tunambadilisha mkao kabla hajachoka, akalala kifudifudi juu ya mto wa kabari au ubavu mkekani. Kila anapotolewa naangalia makalio, mgongo wa chini na ndani ya magoti. Alama nyekundu ikikaa zaidi ya nusu saa bila kufifia, najua kuna mahali panambana, na sponji inaongezwa hapo kabla hajarudishwa.

Kuna kiti cha aina nyingine ambacho wazazi huniuliza habari zake, kile cha teknolojia ya karatasi iliyoanzia Zimbabwe, ambapo maboksi na karatasi kuukuu hugandishwa matabaka kwa gundi ya unga. Ni chepesi, ni rahisi, na mzazi anaweza kufundishwa kukitengeneza mwenyewe. Kwa walioko Lushoto au Handeni ningekifikiria kwanza. Hapa pwani, kwa unyevu wetu na kwa mtoto mwenye udenda na uji unaomwagika, kinahitaji kupakwa rangi vizuri mno na kutunzwa, nami nachagua mbao.

Kiti hiki namshauri mzazi ambaye mtoto wake ameshindwa kukaa mwenyewe na misuli yake inakaza, na ambaye ana mtaalamu wa kumfuatilia. Kwa mtoto ambaye nyonga zake tayari hazikunjiki hadi pembe mraba, au mgongo umeshapinda sana, kiti cha umbo hili kitamlazimisha mkao usiowezekana, kwa hiyo apimwe na daktari kwanza, na kiti kifuate umbo lake alilonalo. Fundi hupokea nusu ya malipo mbele, na nusu iliyobaki haichukui mpaka mtoto akalishwe mbele ya mtaalamu na marekebisho yafanyike. Nendeni asubuhi mtoto akiwa ameshiba na ameamka vizuri, mchukue na kijiko chake na kikombe chake, ili meza ipimwe kwa vitu atakavyovitumia nyumbani.