Odoo kwenye karakana ya samani Keko: uzoefu wangu wa miezi minane

Karakana yetu iko Keko, Dar es Salaam. Tuna mafundi sita, na karibu kila tunachotengeneza kina mwenyewe kabla randa haijagusa ubao. Mteja anakuja na picha kwenye simu: anataka kitanda sita kwa sita cha mninga, kichwani kiwe kama hivi, chini droo mbili. Mtaji wa kutengeneza vitanda vikae dukani vikingoja mnunuzi hatuna. Miaka yote oda zilikaa kwenye kauntabuku, nyingine kwenye sauti za WhatsApp nilizozisikiliza mimi peke yangu. Nikaugua malaria wiki moja, mafundi wakatengeneza tano kwa sita badala ya sita kwa sita. Kile kitanda mpaka leo tunakilalia nyumbani.

Ndipo nikaingia Odoo, programu ya kuendeshea biashara kuanzia mauzo na stoo hadi utengenezaji, toleo la 16, lile la Community lisilo na ada ya leseni. Kijana mmoja alinifungia kwenye kompyuta ya ofisini. Mipangilio ya utengenezaji niliifanya mwenyewe usiku, kwa hiyo makosa nitakayoyasimulia hapa ni yangu.

Nilichokuwa nakitafuta kinaitwa MTO, yaani bidhaa inatengenezwa oda ikishaingia, siyo kabla. Unaweka tiki kwenye kadi ya bidhaa, halafu ukithibitisha mauzo, amri ya kutengeneza inajitokeza yenyewe. Nikafungua kadi ya kitanda, tiki hiyo haipo. Kumbe ipo, ila programu inakuja nayo ikiwa imefichwa. Unawasha kwanza njia za hatua nyingi (Multi-Step Routes) kwenye mipangilio ya stoo, unakwenda kwenye orodha ya njia, unachuja zilizofichwa, unairudisha. Ukijua ni dakika mbili. Mimi ilinichukua jioni mbili. Ukishaipata, weka na tiki ya kutengeneza pamoja nayo, maana MTO peke yake haiiambii programu kitu hicho kitatoka wapi.

Halafu kuna orodha ya malighafi, ile wanayoiita BoM. Hapa ndipo muda wangu mwingi uliishia, na sijutii. Kitanda chetu kina saizi tatu na mbao za aina mbili, mninga na mkongo, kwa hiyo ni vitanda sita tofauti. Sikuandika orodha sita. Niliandika moja, kila mstari nikauonyesha unahusu kitanda kipi. Ubao tuliamua kuuhesabu kwa futi tu, siyo kwa vipande, baada ya kubishana na fundi mkuu mchana mzima. Orodha ilipokamilika nikafungua ripoti ya gharama, nikakuta kabati letu la milango mitatu tumekuwa tukiliuza kwa faida ambayo haitoshi hata nauli ya kulipeleka kwa mteja. Bei imeshabadilika.

Kosa kubwa nililofanya ni tamaa. Nilipoona MTO inafanya kazi kwenye kitanda, nikaitia tiki kila mahali: gundi, skrubu, msasa, vanishi, bawaba. Oda ya kwanza ilipothibitishwa, programu ikafungua maombi ya kununua gundi huku stoo ina makopo 14, na kazi ikaandikwa kwamba inasubiri vifaa. Nilidhani ni hitilafu. Wala. Ndivyo MTO ilivyo: haiangalii kilichopo stoo, kila oda inaagiziwa vyake. Sasa vitu vya kutumia kila siku nimevitoa huko na kuviwekea kiwango cha chini na cha juu. Gundi ikishuka chini ya makopo matano, ombi la kununua linatoka. Kwenye malighafi, MTO nimeiacha kwa kitambaa cha sofa tu, kwa sababu rangi anachagua mteja na hakuna mwingine atakayeitaka ile zambarau. Kumbuka kumwandika muuzaji wa kitambaa kwenye kadi yake, vinginevyo programu inalalamika haioni wa kumwagizia.

Kitu kingine sikukiona kwenye maelezo yoyote, labda kwa sababu walioyaandika hawauzi samani Keko. Ukibonyeza kuthibitisha, kazi imeanza. Na sisi tunawajua wateja wetu: "Andika tu kaka, kesho naleta hela." Wiki ya kwanza nilithibitisha oda tatu za namna hiyo, mafundi wakakata mbao za mbili, na mwenye moja kati ya hizo simu yake haipokelewi mpaka leo. Siku hizi oda inabaki kuwa bei ya makadirio mpaka advansi ya nusu iingie. Dada wa ofisini hana ruhusa ya kubonyeza kabla ya hapo, hata mteja akiwa shemeji yangu.

Kwenye mabadiliko ndipo ninapoipunguzia Odoo nyota moja. Mteja akifuta oda, amri ya kutengeneza haijifuti. Inawekewa alama ya tahadhari tu, wewe ndiye uifuate ukaifute kwa mkono. Naelewa sababu, huenda mbao zimeshakatwa. Lakini ofisi isiyo na mtu wa kuangalia tahadhari kila asubuhi itatengeneza makabati ya watu waliokwisha ghairi. Na risiti ya EFD, ile ya kodi, bado naitoa kwenye mashine yake pembeni, mauzo naandika mara mbili.

Mafundi hawagusi kompyuta. Tunachapa amri ya kazi, tunaibandika kwenye mbao zenyewe kwa utepe: saizi, aina ya mbao, rangi ya vanishi, tarehe ya kukabidhi. Fundi mkuu, aliyesema mwanzoni kwamba nimepoteza hela, sasa hashiki msumeno kama hajapewa karatasi. Toleo la kulipia lina skrini maalumu ya kumwonyesha fundi kazi zake palepale anapofanyia. Niliifikiria, lakini kwa vumbi la hapa kwetu sidhani kama tableti itamaliza wiki.